Umati Uko Hadharani, Biashara Iko Inboksi

Chini ya picha ya kiatu, sofa au keki, katika kurasa nyingi za biashara nchini Kenya, utakuta swali la neno moja: "Bei?" Na chini yake jibu tulilolizoea: "Njoo inboksi." Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wafanyabiashara wadogo wa Nairobi kupanga matangazo yao mitandaoni, na sasa naamini kwamba ugonjwa wa utangazaji wetu umelala humo, katika jibu hilo la maneno mawili. Tunatumia pesa kuita umati. Umati unakuja na kuuliza. Kisha tunauambia uzunguke mlango wa nyuma.

Umati wenyewe upo, hilo halina ubishi. Mwanzoni mwa 2025 ripoti ya DataReportal, tovuti ya takwimu za mitandao, kwa kutumia hojaji za kampuni ya utafiti ya GWI, iliiweka Kenya mbele ya nchi zote zilizopimwa kwa muda ambao watu hukaa kwenye mitandao ya kijamii: saa 4 na dakika 13 kwa siku. Wastani wa dunia ulikuwa saa 2 na dakika 21. Tangu hapo nimeiona tarakimu hiyo katika mapendekezo ya kazi ya mawakala wa matangazo zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, na kila mara inafuatwa na ushauri ule ule: Wakenya wote wako mtandaoni, peleka bajeti yote huko.

Ushauri huo unanitia hofu, kwa sababu watafiti hao hao walikadiria kwamba Januari 2025 Kenya ilikuwa na akaunti milioni 15.1 za mitandao ya kijamii, sawa na asilimia 26.5 ya wakazi. Tena ni akaunti, si vichwa vya watu. Mwenye ukurasa wa jina lake na mwingine wa duka lake anaweza kuhesabiwa mara mbili. Hata tukikubali kwamba kila akaunti ni mtu wake, bado karibu Wakenya watatu kati ya wanne hawamo, wakiwemo watoto wadogo, ndiyo, lakini pia watu wazima wengi wenye pesa ya kununua sabuni, mbegu na mabati. Zile saa nne ni za waliomo.

Mwaka 2023, ripoti ya habari za kidijitali ya Taasisi ya Reuters iliyo Chuo Kikuu cha Oxford iliifanya Kenya ivume kwa sababu ya TikTok. Asilimia 54 ya waliohojiwa waliitumia kwa shughuli moja au nyingine, na asilimia 29 waliitumia kupata habari. Waliohojiwa walikuwa nani? Watu walio tayari mtandaoni, wa umri wa kati ya miaka 18 na 50, wanaojua Kiingereza. Watafiti wenyewe waliandika hivyo bila kuficha. Lakini taarifa hiyo ilipofika kwenye vikao vya mauzo ikawa "nusu ya Wakenya wako TikTok". Nyanya wa Kitui anayesikiliza redio kwa Kikamba mchana kutwa, na ambaye simu yake ina kazi mbili tu, M-Pesa na picha za wajukuu kwenye WhatsApp, hakuulizwa. Ana shamba, anauza kuku, ananunua dawa za mifugo. Ni mteja.

Sisemi tarakimu hizo ni mbovu. Nasema zinajibu swali lao, nasi tunazilazimisha zijibu letu.

Anayetaka kuelewa Mkenya anavyoishi mtandaoni aanze na bando. Wengi wetu hatuna intaneti ya mwezi mzima. Tunainunua kidogo kidogo, kama mafuta ya kupikia yanayopimwa dukani. Kwa muda mrefu bando la GB 1 la saa moja limekuwa likiuzwa kwa kama shilingi ishirini, na mtu akishalinunua, saa hiyo inakuwa kama saa ya mgao wa maji mtaani: kila ndoo inajazwa. Anafungua TikTok, anapakua wimbo, anasasisha programu, anatazama video alizotumiwa tangu asubuhi. Saa ikiisha, anarudi kwenye bando dogo la WhatsApp na huko ndiko anakokaa mpaka alale.

Kwa hiyo siku ya mteja wetu ina sehemu mbili zisizofanana. Kuna saa ya karamu, ambapo data ni nyingi lakini kila kitu kinagombania jicho lake. Na kuna saa ndefu za kubana, ambapo anasoma maandishi, anatazama picha ndogo, anajibu watu anaowajua. Matangazo yetu karibu yote yametengenezwa kwa ajili ya ile saa ya karamu. Video ya dakika mbili inayoanza na nembo ya kampuni ikizunguka kwa sekunde kumi inamchotea mtu maji yake. Baada yake anaambiwa abonyeze kiungo, kiungo kinampeleka kwenye tovuti nzito yenye fomu ya Kiingereza ya kurasa tatu, na kabla haijafunguka bando limekwisha. Kampuni inahesabu "amebonyeza". Yeye anahesabu hasara.

Acha nikuonyeshe kazi inayofanywa sawasawa. Kuna mama mmoja anayeuza viatu vya watoto katika moja ya yale majengo ya vibanda vidogo katikati ya Nairobi, ambako mlango wa duka ni upana wa mabega mawili. Nilikaa naye jioni moja alipokuwa akiandaa picha. Ana kipande cha karatasi nyeupe ya manila amekibandika karibu na dirisha. Kiatu kinawekwa juu yake, kimoja kimelala ubavu ili soli ionekane, kimoja kimesimama. Anapiga picha, kisha juu ya picha yenyewe anaandika saizi zilizopo na bei. Hangojei ulize. Saa mbili na nusu usiku, taarifa ya habari ikiwa imekwisha na watoto wakiwa wanapelekwa kulala, anazirusha zote kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Yake huanza giza likishaingia, kwa kuwa hapo ndipo mama mwenzake anapokaa chini.

Nilimwomba anionyeshe orodha ya majina kwenye simu yake. Hakuna majina ya ukoo pale. Kuna "Mama Pacha 27 27", kuna "Mwalimu Kasarani 30 na 33", kuna "Buti Nyeusi Rongai". Orodha ile ni daftari bora la wateja kuliko programu nyingi ambazo kampuni kubwa hulipia kila mwezi. Anajua kwamba mtoto wa Rongai alinunua saizi 29 mwezi wa tano, kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili hatakuwa na 29 tena.

Na anaujua mtandao wake kwa undani ambao haujaandikwa katika kozi yoyote aliyosoma. Stetasi ya WhatsApp haionwi na mtu asiye na nambari yako kwenye simu yake. Ujumbe unaoutuma kwa watu wengi kwa mpigo kupitia orodha ya usambazaji nao hauwafikii ila wale waliokuhifadhi. Ndiyo maana kila mteja anapolipa, kabla hajaondoka, anamwambia, "Mum, nisevu sasa hivi nikiona, usije ukakosa zikifika." Anasimama pale mpaka nambari yake ihifadhiwe. Huo ndio uwekezaji wake mkubwa katika utangazaji: sekunde ishirini mbele ya mteja aliyeridhika.

Ana TikTok pia. Video moja yake ilitazamwa na maelfu ya watu, kwa sababu TikTok haiangalii sana unamfuata nani. Inakupa kile inachodhani utakitazama mpaka mwisho. Waliotazama walitoka Mombasa, Kisumu, wengine hata nje ya nchi. Wiki ile aliuza jozi chache zaidi ya kawaida. Alifurahi, lakini hakuchanganyikiwa. Aliniambia TikTok ni kama kupiga tarumbeta barabarani: watu watageuka, ila anayeingia dukani ni yule aliyekuwa akielekea huko. Anaitumia kupata nambari mpya. Mauzo anayafanyia kwingine.

Hapo ndipo ninapowalaumu wenzangu wa taaluma hii, na ninawalaumu kwa sababu najali kazi hii. WhatsApp ndiko Wakenya wanakoamua. Kikundi cha chama, cha wazazi wa darasa la nne, cha wapangaji wa ploti, cha kwaya, cha waliosoma pamoja. Mtu anaandika, "Mnamjua fundi mzuri wa paa?" na kabla chai haijapoa ana nambari tatu. Mazungumzo hayo yamefungwa kwa usimbaji, hakuna anayeweza kuyapima kutoka nje, hayana orodha ya yanayovuma. Kwa kuwa hayapimiki, hayaingii kwenye chati ya kumwonyesha bosi, na kwa kuwa hayaingii kwenye chati, tunajifanya hayapo. Juni 2025 Meta ilitangaza kwamba itaanza kuweka matangazo katika sehemu ya stetasi ya WhatsApp. Wenye mtandao wamekwisha kuona watu wako wapi. Hata hivyo tangazo la kulipia halitakupa kile ambacho jirani anakupa anapoandika nambari yako kikundini. Nafasi hiyo huinunui. Unaingizwa na mteja uliyemhudumia vizuri.

Sensa ya 2019 iliuliza kuhusu ununuzi wa mtandaoni, na ikapata kwamba asilimia 4.3 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 na zaidi waliwahi kutafuta na kununua bidhaa au huduma kwa njia hiyo. Ilikuwa kabla ya Korona, na mengi yamebadilika. Lakini najiuliza Mama Pacha angejibu nini akiulizwa. Ameona kiatu kwenye stetasi, ameuliza kwa ujumbe wa sauti, amelipa kwa M-Pesa, kiatu kimepandishwa matatu kikamfikia stejini. Je, amenunua mtandaoni? Nadhani angesema hapana, amenunua kwa yule mama wa viatu.

Sasa turudi kwenye bei, maana hapo pana utajiri wa mambo. Nimewauliza wauzaji wengi kwa nini wanaificha, na sababu zao si za kipuuzi. Wengine wanaogopa washindani, kwamba ukiandika 2,500 mwenzako ataandika 2,400 kabla ya jioni. Wengine wanaamini kila "Bei?" ni maoni yanayoupa ukurasa nguvu ya kuonekana zaidi. Na wapo wanaosema kwamba biashara yetu ni ya maelewano, kwamba ukitaja bei umeua mazungumzo.

Sababu hii ya mwisho ndiyo inayosikika kama hekima, na ndiyo inayokosea zaidi. Nenda sokoni Gikomba. Nenda Muthurwa, au simama pale mchuuzi anapotandaza nguo kwenye turubai jioni watu wakitoka kazini. Neno la kwanza kutoka kinywani mwake ni bei. "Mia! Mia! Beba kwa mia!" Haanzi na ubora wa pamba. Anajua kwamba mpita njia ana pesa fulani mfukoni na nauli fulani ya kurudi nyumbani, na asipoisikia bei ndani ya hatua tatu ameshapita. Mapatano yanakuja baadaye, na yanaanzia kwenye bei iliyotajwa. Soko letu halikuwahi kuwa la kuficha. Uficho huu tumeuanzisha sisi tulipohamia kwenye simu.

Na mnunuzi anauchukulia vibaya, kwa haki. Anapoambiwa aje inboksi hajui mwenzake ameambiwa ngapi. Anashuku kwamba picha yake ya wasifu imetazamwa kwanza, gari lililo nyuma yake limeonekana, na bei ikapanda. Nchi ambayo karibu kila mtu ana kisa cha kuagiza kitu hiki na kuletewa kile haina imani ya ziada ya kuchezea. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012 inamtaka muuzaji wa kwenye intaneti amweleze mnunuzi mambo ya msingi kabla hawajakubaliana. Hata pasipo sheria, mtu mwenye bando la saa moja hatatumia dakika kumi za saa hiyo kusubiri ujibu.

Kuhusu umati unaonunuliwa kwa pesa nitasema kwa ufupi. Mwaka 2021 uchunguzi uliochapishwa na shirika la Mozilla ulionyesha jinsi vijana wa Kenya walivyokuwa wakilipwa kati ya dola 10 na 15 kushiriki kampeni za Twitter, hadi kampeni tatu kwa siku, ili mada fulani zionekane zinavuma. Kazi ile ilikuwa ya kisiasa, lakini njia ile ile ya kulipia kelele inajulikana na kila aliyewahi kuandaa uzinduzi wa bidhaa mjini. Kisha ikaja Juni 2024. Vijana walioupinga Mswada wa Fedha walieleza vifungu vyake kwenye TikTok kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, wakakutana X, iliyokuwa Twitter, usiku kucha, na Julai 5 Rais William Ruto mwenyewe akaingia kwenye mjadala wa sauti wa mtandao huo kuulizwa maswali. Aliyekuwa bado hajui tofauti ya umati ulioamka na umati uliokodishwa aliiona. Tangu hapo, mshawishi anayesifu benki leo na kampuni ya kamari kesho anaulizwa hadharani amelipwa ngapi. Bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025, na kanuni zilizofuata zikakataza watu mashuhuri na washawishi kuyatangaza. Wengi wao walikuwa wamelitegemea tonge hilo.

Kuna hatari nyingine ambayo wadogo hawajaitilia maanani. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyoundwa chini ya sheria ya 2019, haina mzaha na picha za watu. Desemba 2022 iliipiga Oppo Kenya faini ya shilingi milioni 5 katika kesi iliyoanza na picha ya mlalamishi kuwekwa Instagram bila idhini yake. Mwaka uliofuata, Casa Vera, kilabu cha Nairobi, kilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja wake, na shule moja ya Uthiru ikatozwa Sh4.55 milioni kwa picha za wanafunzi. Mwenye saluni anayeposti kichwa cha kila mteja aliyesukwa, au mwenye duka anayezoa nambari za watu waliolipa kwa M-Pesa na kuwarushia ujumbe wa ofa usiku wa manane, anatembea kwenye barafu nyembamba kuliko anavyodhani. Mama wa viatu haposti uso wa mtoto hata mmoja. Anaposti miguu.

Kwa hiyo mteja wangu mpya akija na ile tarakimu ya saa 4 na dakika 13, ninamwomba anipe simu yake. Tunafungua inboksi ya biashara pamoja, tunarudi nyuma mwezi mmoja, na kuhesabu ni watu wangapi waliuliza bei, wangapi walijibiwa siku hiyo hiyo, na wangapi walinyamaza baada ya kujibiwa. Mara nyingi chumba kinakuwa kimya. Wateja waliotafutwa kwa bajeti ya matangazo walikuwa wamekwisha kufika, wakabisha hodi, wakachoka. Mmoja wa wateja wangu aliyeuza mapazia alikuta maswali ya bei ya wiki tatu hayajaguswa, na asubuhi ya siku hiyo alikuwa amelipia tangazo jipya.

Usiku ule nilipokuwa nikiaga kwenye kile kibanda, simu ya mama wa viatu ilitetemeka juu ya kaunta. Ilikuwa karibu saa nne, alikuwa akifunga makomeo. Mteja alikuwa ametuma picha ya wayo wa mtoto uliochorwa kwa penseli kwenye ukurasa wa daftari la mistari, na rula imewekwa kando yake. Chini ameandika, "Hii itakuwa ngapi? Ni ya shule." Mama aliikuza picha kwa vidole viwili, akahesabu sentimita kwa midomo, akaandika: "30. Nyeusi ya kamba iko. 1,200. Nikuwekee?"